Kiwembe hakitibu keloidi

SEHEMU YA 1

Kina mama, leo nitagombana na watu. Nitagombana na dada wa saluni anayekata keloidi za masikio kwa wembe mpya "wa kwako mwenyewe", kana kwamba upya wa wembe ndiyo tiba. Nitagombana na muuza krimu na picha zake za kabla na baada. Nitagombana na bibi anayekimbilia dawa ya meno mtoto akiungua, ingawa bibi namheshimu na najua mjukuu wake anampenda kuliko ninavyompenda mimi. Na nitagombana na wenzangu wa sare nyeupe, maana na sisi tumo.

Ugomvi wenyewe ni mmoja tu. Wote hao wanalichukulia kovu kama takataka iliyobaki baada ya kidonda kupona. Kitu kilichokufa, eti unaweza kukikata, kukichoma, kukisugua, na chenyewe kikae kimya. Si kweli. Kovu linajengwa. Linajengwa na seli hai, kwa amri, na amri hizo zina majina yake. Ukilikata bila mpango umetuma amri nyingine, tena kubwa kuliko ya kwanza.

Hebu tulia hapa kidogo, hii ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka halafu wanatapeliwa.

Mtoto akijikata, damu inatoka halafu inaganda. Hilo kila mama anaijua. Damu haigandi bila chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Zikifika penye mkato zinamwaga kila zilichobeba, na miongoni mwa walivyobeba ni vichocheo vya ukuaji. Hivi ni protini zinazofanya kazi ya ujumbe. Zinatoka kwenye seli moja, zinashika seli nyingine, na ile iliyoshikwa inabadili kazi. Kimoja kinaitwa PDGF, chenyewe kinawaita mafundi waje. Kingine ndicho chetu cha leo, kinaitwa TGF-beta.

Mafundi wenyewe ni seli ziitwazo fibroblasti. TGF-beta inawapa amri mbili kwa mpigo: jengeni kolajeni, na msiache ivunjwe. Kolajeni ni nyuzi ngumu za protini, ndizo zinazoshikilia ngozi, kano, mifupa na kila kinachounganisha kiungo kimoja na kingine mwilini. Ile kano unayotafuna kwenye supu ya makongoro mpaka taya linachoka, hiyo ni kolajeni kwa wingi. Bila kolajeni kidonda hakifungi. Kwa hiyo TGF-beta si adui, mtoto asiyekuwa nayo asingepona hata mchubuko.

Tena kuna la zaidi. Mwaka 1971 Giulio Gabbiani na wenzake kule Geneva walieleza kwamba fibroblasti kwenye kidonda zinageuka nusu misuli. Zinajenga huku zinavuta. Ndiyo maana kidonda kinajikusanya na kuwa kidogo kuliko kilivyoanza. Leo tunajua kwamba TGF-beta ndiyo inayosukuma mageuzi hayo.

Kazi ikiisha, ujumbe unapungua, zile seli za kuvuta zinajiua zenyewe, na kovu linaendelea kulainika kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Halirudi kuwa ngozi ile ya awali. Nguvu yake ikipanda sana inafika kama asilimia 80 ya ngozi ya kawaida. Lakini linatulia.

Shida inaanza ujumbe usipokoma. Wewe mwenyewe unawajua mafundi wanaolipwa kwa siku, nyumba yao haiishi. Kidonda kikiingia wadudu, kikikwaruzwa kila leo, kikivutwa na ngozi iliyokaza, au mtu akiwa na asili ya familia yake, amri zinaendelea kuja na kolajeni inaendelea kumwagwa. Na hiyo habari ya kuvutwa si maneno tu. Sehemu kubwa ya TGF-beta inakaa imefungwa, imelala, imenasa katikati ya zile nyuzi, na seli zikivuta kwa nguvu inafunguka na kuanza kazi. Ndiyo maana keloidi zinapenda kifua na mabega, mahali ambapo ngozi haipumziki.

Ukitaka ushahidi, upo wa zamani. Mwaka 1986 Anita Roberts, Michael Sporn na wenzao, kwenye taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, waliwachoma panya wachanga TGF-beta chini ya ngozi ya shingo. Ndani ya siku 2 hadi 3 pale palikuwa na mishipa mipya ya damu na uvimbe wa kolajeni. Hakuna aliyewakata, hakuna aliyewaunguza. Ujumbe peke yake ulitosha kuanzisha ujenzi.

Na si ngozi tu. Ndugu zangu wa kandokando ya Ziwa Victoria mnakijua kichocho. Mayai ya minyoo yananasa kwenye ini, mwili unayazungushia ukuta, na hapo pia kuna ujumbe wa kujenga kovu. Kovu linaizunguka mishipa ya ini mpaka damu inakosa njia, na mtu anakuja kwetu anatapika damu. Mtoto akitibiwa mapema kwa prazikwantel, minyoo ikafa na mayai mapya yasije, kovu la ini linaweza kupungua. Hapo hakuna aliyekata ini. Chanzo kiliondolewa, ujumbe ukapungua. Likumbuke hilo tunapokwenda kwenye masikio.

SEHEMU YA 2

Keloidi ni kovu lililovuka mipaka ya jeraha lake. Tundu la hereni ni dogo kama punje ya mtama, ila keloidi yake inaweza kufika ukubwa wa kunazi, halafu ndimu. Ndani yake mafundi bado wanapokea amri na bado wanajenga, miezi na miaka baada ya tundu kupona. Sasa wewe unakuja na wembe. Unafungua jeraha jipya, kubwa mara nyingi kuliko lile tundu, kwenye ngozi ileile ya mtu yuleyule. Chembe sahani zinamwaga upya. Ulitegemea nini?

Keloidi ikikatwa tu, bila tiba nyingine ya kuisindikiza, takwimu zinazotumika kufundishia zinasema inarudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa. Na hapo anazungumziwa daktari, kwenye chumba cha upasuaji, na vifaa safi. Dada wa saluni hayumo hata kwenye hesabu.

Nimempokea binti wa miaka 14. Keloidi yake ya kwanza ilikuwa kama punje ya karanga. Mtu aliifunga kwa uzi wa nailoni, akakaza kila siku mpaka ikakauka na kudondoka. Mama yake akashukuru, akalipa, akampeleka na jirani. Miezi kadhaa baadaye nyama ilirudi mbele na nyuma ya ndewe, kubwa kuliko ndimu, inawasha usiku mpaka mtoto halali. Shuleni wamempa jina ambalo siliandiki hapa. Na mfunga uzi, akiulizwa, anasema "damu yake chafu".

Damu ya mtoto si chafu. Wala si jicho la mtu, wala si kwamba alikula nyama ya mbuzi kidonda kikiwa kibichi. Keloidi zinatembea kwenye familia, zinawapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi zinaanza kati ya miaka 10 na 30. Kama wewe unayo, au dada yako, au baba wa mtoto ana ile ya kifuani ambayo hamuizungumzii, basi masikio ya mwanao si ya kupeleka sokoni kwa mwenye bastola ya kutobolea.

Kuna utafiti mdogo ulichapishwa Marekani mwaka 2005 kwenye jarida la Pediatrics. Uliangalia watu waliopata keloidi za masikio, ukakuta waliotobolewa kuanzia miaka 11 na kuendelea walipata zaidi kuliko waliotobolewa wakiwa wadogo. Mimi nawaambia hivi wazazi wenye keloidi kwenye ukoo: bora usimtoboe kabisa. Ukishindwa na shangazi zake, basi iwe utotoni, baada ya kumaliza zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, iwe kwa mtu anayejua usafi, na iwe ndewe tu. Yale matundu ya pili na ya tatu ya juu, kwenye gegedu, ambayo binti anaomba akimaliza darasa la saba, hapo ndipo sema hapana. Atanuna wiki moja. Acha anune.

Na chale jamani. Mtoto anachanjwa kifuani kwa sababu anakohoa, mikato sita au saba, halafu anapakwa unga mweusi ndani. Kila mkato ni jeraha, kila unga ni uchafu, na kifua ndicho kiwanja ambacho keloidi inakipenda. Kikohozi kingeisha chenyewe au kingetibiwa kwa dawa. Zile alama saba zilizovimba atazibeba mpaka uzeeni.

Tofauti na hayo ni chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu anayochomwa mtoto akizaliwa. Hiyo usiiogope. Baada ya wiki kadhaa panavimba, panaweza kutoa usaha kidogo, panafunga na kuacha alama ndogo. Ndivyo inavyotakiwa. Usikamue, usimwagie unga wa vidonge vya antibayotiki, usipake majivu. Kukamua ni kumwita fundi aliyekuwa anafunga virago.

Kwa aliyekwisha kupata keloidi, tiba ipo, ila ni ya subira. Kuna sindano ya steroidi iitwayo triamsinoloni, inachomwa ndani ya kovu lenyewe, kwa kawaida kila baada ya wiki 4 hivi, mara kadhaa. Inapunguza uvimbe wa ndani na inazituliza fibroblasti. Inauma, siwezi kukudanganya, na inaweza kuacha ngozi imepauka pale ilipochomwa. Kuna vipande vya silikoni vinavyobandikwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi. Kuna hereni maalumu za kubana. Zote hizi zinafanya jambo ambalo wembe hauwezi: zinapunguza ujumbe.

SEHEMU YA 3

Hapa sitanii hata kidogo.

Mvulana wa miaka 2, uji wa moto, mkono wa kulia. Nyumbani alipakwa dawa ya meno. Jioni ikaongezwa unga wa ngano. Kesho yake yai bichi. Alifika kwetu siku ya 11, mkono umefanya gamba, chini ya gamba usaha. Tulichukua muda mrefu kuosha tu, na kila siku alilia akiona kitoroli cha dawa kinakuja. Kidonda kilifunga, Mungu ni mwema. Leo vidole vyake vitatu vimejikunja kuelekea kiganjani na havinyooki. Anashika kijiko kwa kushoto.

Watu wanauliza, "Mbona mimi nilipakwa dawa ya meno na nikapona?" Ulipona kwa sababu uliungua juujuu. Kuungua kwa juu kunapona ndani ya wiki moja au mbili hata ukipakwa matope, na dawa ya meno ikachukua sifa isiyo yake. Kuungua kwa kina ndiko kunakosubiri kosa lako.

Hesabu yenyewe ni hii. Kidonda cha moto kikifunga ndani ya wiki 2, kovu baya ni nadra. Kikipita wiki 3, hatari ya kovu nene inapanda sana. Kwa nini? Kwa sababu kila siku ambayo kidonda kiko wazi, chembe za ulinzi za mwili ziko pale zinapigana na wadudu, na zenyewe ni watengenezaji wakubwa wa TGF-beta. Siku zikiongezeka, amri zinaongezeka. Zile seli za nusu misuli zinajaa na zinavuta. Kwenye paja zikivuta utaona makunyanzi. Kwenye kiganja zikivuta, vidole vinakuja. Kwenye shingo, kidevu kinashuka kifuani. Kwenye kwapa, mkono haunyanyuki.

Na mtoto anakua. Mfupa unarefuka mwaka hadi mwaka, kovu halirefuki nao. Kwa hiyo mkunjo uliokuwa mdogo akiwa na miaka 2 unakuwa kilema akiwa na miaka 7, hata kama hakuungua tena. Ndiyo maana ninakasirika na hiyo dawa ya meno. Wazazi wanadhani wanajadili ngozi na urembo, kumbe wanajadili kama mtoto ataandika.

Kwa hiyo maji. Maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Si dakika 2, si barafu. Huna bomba? Ndoo na kikombe, unamwaga taratibu, mtu mwingine anakwenda kuongeza. Yanasaidia hata kama saa 3 hazijapita tangu aungue, kwa hiyo usiseme nimeshachelewa. Mvue bangili na nguo zilizolowa, ila iliyogandamana na ngozi iache. Sehemu nyingine ya mwili mfunike apate joto, hasa mchanga. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, uje. Njoo kama ni mkono, uso, miguu, sehemu za siri, maungio, au kama eneo ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe. Usitumbue malengelenge. Usipake kitu ambacho mimi itabidi nikikwangue.

Baada ya kidonda kufunga, kazi ndiyo kwanza imeanza, na hapa ndipo familia nyingi zinapotuacha. Mnaona ngozi imefunga, mnasema amepona. Ndani, ule ujenzi unaendelea kwa miezi. Mazoezi ya kunyoosha vidole mara kadhaa kwa siku, banzi usiku kama amepewa, kulikanda kovu kwa mafuta ya kawaida likishafunga vizuri, kulikinga na jua, kuvaa nguo ya kubana kama ipo. Mtoto atalia akinyooshwa. Baba atasema "mwache mtoto jamani". Baba, njoo uone vidole visivyoachwa na vilivyoachwa, halafu useme tena.

SEHEMU YA 4

Nimalizie na wauza krimu, maana najua mmeshaanza kuniuliza ipi nzuri.

Ngozi ya mtoto aliye tumboni, kwenye miezi ya mwanzo ya mimba, ikijeruhiwa inapona bila kovu kabisa. Wanasayansi waliona kwamba mizania ya TGF-beta yake ni tofauti: aina ya 1 na ya 2 kidogo, aina ya 3 nyingi. Wakajiuliza, je, tukimpa mtu mzima aina ya 3? Kampuni moja ya Manchester, Uingereza, iitwayo Renovo, ikatengeneza dawa hiyo, ikaiita Juvista. Majaribio ya mwanzo yalitia matumaini. Mwaka 2011 jaribio kubwa la mwisho likashindwa. Dawa haikuyapunguza makovu kama ilivyotarajiwa, na haikufika sokoni.

Sasa fikiria. Watu wenye maabara, wenye fedha nyingi, wanaoijua TGF-beta kwa jina na namba, walishindwa, na wakatangaza hadharani kwamba wameshindwa. Halafu kuna kaka anakuuzia kikopo kisicho na orodha ya vilivyomo, anakuambia siku 14 kovu limefutika "kuanzia kwenye mizizi". Mizizi ipi? Mara nyingine ndani ya vikopo hivyo kuna steroidi kali au vitu vya kubabua. Steroidi ileile inayosaidia ikichomwa na mtaalamu ndani ya keloidi, ukiipaka kwenye kidonda ambacho hakijafunga inachelewesha kupona, na kuchelewa tumeshaona kunazaa nini. Cha kubabua ndiyo kabisa, kinachoma ngozi na kuanzisha jeraha jipya. Picha ya kabla na baada inapigwa kwa taa mbili tofauti, basi.

Na wenzangu sasa. Kuna vituo ambako keloidi inakatwa asubuhi, mchana mgonjwa anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi siku ya nyuzi. Hakuna sindano iliyopangwa, hakuna silikoni, hakuna miadi. Keloidi ikirudi, tunamwambia "mwili wako ndivyo ulivyo". Huo ni uvivu uliovaa koti jeupe. Nasema hivi nikijua foleni zetu zilivyo na dawa zinavyokosekana, na najua kuna mahali triamsinoloni haipo miezi mizima. Basi kama haipo, usikate. Keloidi si dharura. Inaweza kusubiri rufaa.

Mama, ukiambiwa keloidi ya mtoto wako itakatwa, uliza: baada ya kukata mtafanya nini, kuanzia lini, mara ngapi, na nani atafanya? Andika majibu kwenye kadi yake. Ukijibiwa "tutaona", chukua kadi, mwambie unashukuru, na uombe barua ya kwenda kwa daktari wa ngozi.

Kesho naandika kuhusu mshono wa upasuaji wa uzazi: kwa nini unawasha, lini kuwasha ni kwa kawaida, na kwa nini yule mkanda wa kubana tumbo unaouziwa wiki ya kwanza hauhusiani na chochote nilichosema leo.